Ilya Prigogine: Mkemia aliyeonyesha kuwa mpangilio huzaliwa ndani ya vurugu, na kaka yake wa milima ya Itombwe

Katika misitu ya milima ya Itombwe, inayopanda magharibi mwa Ziwa Tanganyika kupitia wilaya za Uvira, Fizi, Mwenga na Shabunda, yuko bundi ambaye wanasayansi wamemkamata mara mbili tu. Wa kwanza alipatikana mwaka 1951. Wa pili alinaswa kwenye wavu mwaka 1996, akapigwa picha, kisha akaachwa aende zake. Jina lake la kitaalamu ni Phodilus prigoginei.

Anayelijua jina la Prigogine anaweza kudhani bundi huyo aliitwa kwa heshima ya Ilya Prigogine, mkemia wa Ubelgiji aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Sivyo. Jina ni la kaka yake mkubwa, Alexandre, mtaalamu wa madini aliyekuwa akikusanya ndege katika milima hiyo ya Kivu Kusini.

Ndugu hao wawili walikuwa watoto wa familia moja iliyoikimbia Urusi. Mmoja alijulikana kwa ndege wa msituni, mwingine kwa hesabu za joto na wakati. Lakini swali alilolibeba Ilya kwa zaidi ya nusu karne linamgusa hata mvuvi wa Baraka na mkulima wa Fizi: ikiwa kila kitu duniani huelekea kupoa, kuchakaa na kusambaratika, uhai na mpangilio vinatoka wapi? Na kilichokwisha kuharibika, kinaweza kurudi kama kilivyokuwa?

Kutoka Moscow hadi Brussels

Ilya Prigogine alizaliwa Moscow tarehe 25 Januari 1917, miezi michache kabla ya mapinduzi yaliyoubadilisha utawala wa Urusi. Baba yake, Roman, alikuwa mhandisi wa kemia. Mama yake, Yulia, alisomea muziki, na alipenda kusimulia kwamba mwanawe alijua kusoma nota za muziki kabla ya kujua kusoma maneno. Alexandre alikuwa ametangulia kuzaliwa mwaka 1913.

Familia hiyo haikupatana na utawala mpya. Mwaka 1921 iliondoka Urusi, ikaishi Ujerumani kwa miaka kadhaa, na mwaka 1929 ikahamia Ubelgiji. Ilya alikuwa na umri wa miaka 12. Alikuwa amekwisha kubadilisha nchi tatu na lugha tatu, na uraia wa Ubelgiji aliupata baadaye sana, mwaka 1949.

Shuleni Brussels alivutiwa na historia, akiolojia, falsafa na piano kuliko sayansi. Hata alipoingia Chuo Kikuu Huria cha Brussels na kusomea kemia na fizikia, jambo moja kutoka masomo yale ya kwanza lilimganda akilini: katika historia na katika muziki, wakati ni kila kitu. Wimbo ukipigwa kinyumenyume si wimbo tena. Vita haviwezi kurudishwa nyuma. Lakini katika vitabu vya fizikia alivyopewa asome, wakati ulikuwa herufi tu ndani ya mlinganyo, na mlinganyo haukujali kama wakati unakwenda mbele au unarudi nyuma.

Aliona kasoro hapo. Kazi yake yote iliyofuata ilikuwa kuitafutia majibu.

Chai iliyopoa haijipashi moto

Ili kuelewa alichokuwa akikitafuta, inafaa kuanza na jambo la kila siku. Kikombe cha chai ya moto kikiachwa mezani hupoa. Hakuna aliyewahi kuona chai iliyopoa ikanyonya joto la chumba na kuchemka yenyewe. Manukato yakifunguliwa harufu huenea nyumba nzima, wala haitajikusanya kurudi ndani ya chupa.

Wanasayansi wa karne ya 19 waliligeuza jambo hilo kuwa kanuni, inayoitwa kanuni ya pili ya thamodinamiki, yaani sayansi ya joto na nishati. Mwaka 1865 Mjerumani Rudolf Clausius alikipa jina kipimo chake: entropia. Kwa lugha nyepesi, entropia hupima ni kwa kiasi gani nishati imetawanyika na vitu vimechanganyika. Katika kitu kilichofungwa, kisichopokea wala kutoa chochote, entropia haipungui. Mwisho wa safari ni msawazo, hali ambayo joto ni moja kila mahali na hakuna kinachoendelea tena.

Mwanasayansi wa Austria, Ludwig Boltzmann, aliyefariki mwaka 1906, alieleza sababu kwa kutumia takwimu. Chukua kopo lenye maharage mekundu chini na maharage meupe ya ukubwa ule ule juu. Litikise. Mekundu na meupe yatachanganyika. Endelea kulitikisa siku nzima, hayatarudi kila rangi mahali pake. Si kwamba kuna sheria inayokataza. Ni kwamba namna za kuchanganyika ni nyingi mno, na namna za kutengana ni chache mno. Molekuli ndani ya tone moja la maji ni nyingi kupita hesabu ya kawaida, kwa hiyo anayetaka kuzijua hawezi kufuata moja moja. Hutumia takwimu za kundi zima. Ndiyo maana taaluma hiyo huitwa mekanika ya takwimu.

Palibaki fumbo. Molekuli moja ikigonga nyingine, tukio hilo linaweza kwenda mbele au nyuma bila kuvunja sheria yoyote ya mwendo. Kama kila mgongano mmoja hautofautishi jana na kesho, kundi zima limeujuaje mwelekeo wa wakati?

Kijana aliyewashangaza wazee

Mwalimu wa Prigogine mjini Brussels, Théophile De Donder, alikuwa miongoni mwa wachache waliothubutu kuchunguza mambo ambayo bado yako safarini, kabla hayajafika kwenye msawazo. Wengi waliona huko hakuna sayansi ya maana. Prigogine alikamilisha shahada ya udaktari mwaka 1941, wakati Ubelgiji ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani. Mwaka huo huo chuo chake kilifunga milango kwa kukataa kuingiliwa na wavamizi.

Mwaka 1945 alitoa kanuni yake ya kwanza iliyojulikana. Alionyesha kuwa kitu kilicho karibu na msawazo, kikilazimishwa kupitisha joto au maada kidogo kidogo bila kukoma, hutulia katika hali inayozalisha entropia kidogo iwezekanavyo. Alijenga juu ya kazi ya Lars Onsager wa Norway, ambaye mwaka 1931 alikuwa amefungua njia hiyo, na ambaye naye alikuja kupata Nobel mwaka 1968.

Mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka 29, Prigogine aliwasilisha mawazo yake katika mkutano wa kimataifa. Mtaalamu mmoja mzee, aliyeheshimika kuliko wote ukumbini, alishangaa mbele ya watu kwamba kijana huyu anajisumbua na mambo ya kupita. Kwa nini asisubiri mambo yatulie ndipo apime, kama wafanyavyo wenzake? Prigogine alisimulia baadaye kuwa alipigwa na butwaa, akakosa la kusema. Jibu lilimjia akiwa amekwisha kuchelewa: binadamu naye ni wa kupita, na ni haki yake kuichunguza hali hiyo.

Sufuria, joto na masega ya nyuki

Kanuni ya mwaka 1945 ilikuwa na mpaka. Ilifanya kazi karibu na msawazo tu. Ilichukua takriban miaka 20 Prigogine na kundi lake la Brussels kuelewa kinachotokea mbali na hapo, na walichokikuta kilikuwa kinyume na mazoea.

Mfano walioutumia mara nyingi ulitoka kwa Mfaransa Henri Bénard, aliyeufanyia majaribio mwaka 1900. Weka kimiminika chembamba kwenye chombo bapa, kama sinia la chuma, ukipashe moto kutoka chini taratibu na sawasawa. Mwanzoni hakuna kinachoonekana. Joto linapanda kimyakimya kutoka molekuli hadi molekuli. Ukiongeza moto, inafika hatua ambapo kimiminika chote kinabadilika ghafla: kinajigawa katika vyumba vidogo vyenye pembe sita, vinavyofanana na masega ya nyuki. Katika kila chumba maji ya moto hupanda katikati na yaliyopoa hushuka pembeni.

Molekuli zisizohesabika, ambazo muda mfupi kabla zilikuwa zikigongana ovyo, sasa zinakwenda pamoja kama watu waliopangwa. Hakuna aliyezipanga. Punguza moto, na umbo lote linapotea.

Prigogine aliyaita maumbo ya aina hiyo miundo mitawanyi, kwa kuwa huishi kwa kupokea nishati na kuitawanya. Hapo ndipo penye kiini cha kazi yake. Kutawanya nishati, ambako wengi walikuona kama hasara na uharibifu, kunaweza kujenga. Lakini kuna sharti: mlango uwe wazi. Nishati iingie, joto lililotumika litoke.

Kanuni ya pili haikuvunjwa. Mpangilio unaojengeka ndani hulipiwa kwa entropia kubwa zaidi inayomwagwa nje. Mwali wa mshumaa huishi hivyo. Kimbunga huishi hivyo. Mwili wa mtu pia: hula, hupumua, hutoa joto na uchafu, na kwa njia hiyo hubaki na umbo lake kwa miaka. Ukifungwa usipokee wala kutoa chochote, haukawii kufika kwenye msawazo, na kwa mwili msawazo ni kifo.

Pale ambapo mbili na mbili hazifanyi nne

Kwa nini mabadiliko hayo yaje ghafla, si kidogo kidogo? Jibu liko katika tawi la hesabu linaloshughulikia mambo ambayo matokeo yake hayalingani na chanzo chake. Ukiongeza chumvi mara mbili kwenye mboga, chumvi inakuwa mara mbili. Huo ni uhusiano mnyoofu. Lakini moto wa nyikani haufuati hesabu hiyo. Majani yanayowaka huyakausha na kuyawasha ya jirani, hayo yakawasha mengine, na cheche moja inakuwa mlima mzima. Matokeo yanarudi kukichochea chanzo.

Katika kemia hali hiyo hutokea pale ambapo kitu kinachotengenezwa kinasaidia kujitengeneza zaidi. Mwaka 1968 Prigogine na mwenzake René Lefever walitunga mfano wa hesabu wa mchanganyiko wa namna hiyo. Ulikuja kuitwa Brusselator, kwa kuwa ulizaliwa Brussels. Ukilishwa kemikali bila kukoma, na kiwango kikavuka mpaka fulani, mchanganyiko huo hautulii. Unapanda na kushuka kwa vipindi sawa, kama saa.

Haikuwa ndoto ya karatasini. Katika Muungano wa Kisovieti, Boris Belousov alikuwa amegundua mwanzoni mwa miaka ya 1950 mchanganyiko halisi uliobadilika rangi kwenda na kurudi, tena na tena. Majarida ya kisayansi yalimkatalia, yakiamini jambo hilo haliwezekani. Kijana Anatol Zhabotinsky aliifufua kazi hiyo katika miaka ya 1960. Hesabu za Brussels zilisaidia kueleza kwa nini jambo lililodhaniwa haliwezekani linawezekana kabisa, mradi mchanganyiko uko mbali na msawazo.

Prigogine alisisitiza pia suala la njia panda. Kitu kikisukumwa mbali na msawazo hufika mahali ambapo kinaweza kushika njia hii au ile, na milinganyo haisemi ipi. Mtikisiko mdogo, ambao siku nyingine ungepotea bila athari, huamua. Kikishashika njia, kinabeba historia. Kwa hiyo, kukielewa hakutoshi kujua kinaundwa na nini. Lazima kujua kimepitia wapi.

Kundi lake lilipeleka mawazo hayo mbali na maabara. Mwaka 1971 yeye na Robert Herman wa Marekani walichapisha kitabu kinachoyatazama magari barabarani kama molekuli, kueleza jinsi magari yaliyokuwa yakienda kila moja kwa mwendo wake yanavyogeuka kuwa msururu. Jean-Louis Deneubourg, naye wa Brussels, alieleza ujenzi wa vichuguu: mchwa huangusha tonge la udongo lenye harufu, harufu huwavuta wengine kuangusha hapo hapo, na nguzo huinuka bila fundi mkuu wala ramani.

Alexandre na ndege wa Itombwe

Wakati Ilya akihesabu Brussels, Alexandre alikuwa mashariki mwa Kongo, nchi iliyokuwa bado koloni la Ubelgiji. Taaluma yake ilikuwa madini, katika ukanda ambao hadi leo unajulikana kwa dhahabu yake. Lakini kilicholiacha jina lake hai ni ndege.

Bundi wa mwaka 1951 alipatikana mahali paitwapo Muusi. Mwaka uliofuata Henri Schouteden, mtaalamu wa wanyama wa Ubelgiji, alimtangaza kuwa spishi mpya na kumpa jina la Prigogine. Mwaka 1955 ndege mwingine wa usiku, wa jamii ya kirukanjia, alipatikana Malenge, pia Itombwe. Alikaa katika makumbusho miaka mingi kabla ya kutambuliwa kama spishi ya peke yake mwaka 1990, naye akapewa jina hilo hilo.

Alexandre alikusanya aliyoyajua katika kazi kubwa kuhusu ndege wa Itombwe na maeneo ya jirani, iliyochapishwa na jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya Brussels, kuanzia mwaka 1971 hadi miaka ya 1980. Alifariki mwaka 1991. Kazi yake ni mojawapo ya sababu Itombwe inahesabiwa leo miongoni mwa misitu ya milimani yenye ndege wengi zaidi barani Afrika, zaidi ya spishi 500. Mwaka 2006 serikali ya Kongo iliitangaza kuwa hifadhi.

Vielelezo alivyokusanya, kama vitu vingi vilivyotoka Kongo wakati huo, viliishia Ulaya. Mtoto wa Fizi anayetaka kumwona bundi wa 1951 hana pa kumtazama katika jimbo lake mwenyewe. Hilo pia ni sehemu ya historia ya jina la Prigogine.

Somo la ziwa

Utafiti wa Ilya haukuwa wa misitu wala maziwa. Hata hivyo, kwa mtu wa Baraka hakuna mfano wa mawazo yake ulio karibu kuliko Ziwa Tanganyika.

Ziwa hili lina kina kinachofikia mita 1,470 na urefu wa takriban kilomita 670. Maji ya juu yana joto na ni mepesi. Ya chini ni ya baridi kidogo na mazito zaidi. Kuanzia kina cha mita 100 hadi 200 kushuka chini hakuna oksijeni, na samaki hawaishi huko. Lakini huko ndiko kunakozama kila kinachokufa, na kwa hiyo huko ndiko kulikolala virutubisho. Msafara wa wanasayansi wa Ubelgiji, akiwemo mtaalamu wa samaki Max Poll, ulilipima ziwa hili mwaka 1946 na 1947, miaka ile ile Ilya alipokuwa akishangaliwa na wazee wa sayansi.

Kinacholilisha ziwa ni mwendo. Kila kiangazi, kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Upepo ukilegea, maji hurudi, na tabaka za ndani huyumba kwa wiki nyingi. Mwendo huo huinua virutubisho hadi kwenye mwanga. Mimea midogo huota, wadudu wa majini huila, ndagala huwala wadudu hao, na mikebuka huwala ndagala. Taa za wavuvi zinazoonekana usiku katika ghuba ya Baraka zimesimama juu ya mnyororo huo.

Huo ni mpangilio unaoishi kwa kulishwa nishati, jua juu na upepo pembeni, kama Prigogine alivyoeleza. Na kama alivyoeleza, ukibadilisha kinachoingia, umbo lote linaweza kubadilika.

Mwaka 2003 kundi lililoongozwa na mtafiti Catherine O'Reilly lilichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kuwa maji ya juu ya ziwa yameongezeka joto na upepo umepungua. Tabaka la juu likizidi kuwa jepesi, ni vigumu zaidi kulichanganya na la chini. Watafiti hao walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa takriban asilimia 30. Uvuvi uliozidi nao una mchango wake, na wataalamu wamebishana ni kiasi gani cha lawama kiende wapi. Lakini hoja ya msingi haijabadilika: ziwa likitulia kupita kiasi, juu panabaki bila chakula.

Maji yaliyopashwa joto kwa miongo kadhaa hayapoi kwa sababu watu wameamua. Msitu wa milimani ukifyekwa, miche inaweza kupandwa, lakini mpangilio uliojengwa kwa maelfu ya miaka, pamoja na bundi wake, haufuati. Kwa mtazamo wa Prigogine hilo si bahati mbaya. Ndivyo wakati ulivyo.

Nobel na ubishi usiokwisha

Mwaka 1959 Prigogine aliwekwa kuongoza taasisi za kimataifa za Solvay mjini Brussels, nyumba ya mikutano iliyowahi kuwakutanisha kina Albert Einstein na Marie Curie. Aliziongoza hadi kufa kwake. Kuanzia mwaka 1967 aligawa muda wake kati ya Brussels na Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani, alikoanzisha kituo cha utafiti wa mekanika ya takwimu.

Mwaka 1977 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia peke yake, kwa mchango wake katika thamodinamiki ya mambo yaliyo nje ya msawazo, hasa nadharia ya miundo mitawanyi. Alikuwa na umri wa miaka 60. Mwaka huo huo, pamoja na Grégoire Nicolis, alitoa kitabu kikubwa kuhusu namna vitu vinavyojipanga vyenyewe. Mwaka 1989 mfalme wa Ubelgiji, Baudouin, alimpa cheo cha heshima cha vikonti.

Baada ya Nobel alijitosa katika swali lililomsumbua tangu ujana. Pamoja na mwanafalsafa Isabelle Stengers aliandika mwaka 1979 kitabu kwa wasomaji wa kawaida, kilichosomwa mbali nje ya maabara na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Hoja yake ilikuwa nzito: mwelekeo wa wakati si udhaifu wa macho ya binadamu, umo ndani ya maumbile yenyewe. Kwa maoni yake, sheria za msingi za mwendo zinapaswa kuandikwa upya ili uwezekano, si uhakika, uwe msingi wake. Katika kitabu cha mwaka 1996 alifika mbali zaidi na kutangaza kuwa zama za uhakika zimekwisha.

Hapo wengi walimwacha njiani. Wanafizikia kadhaa walisema Boltzmann alikwisha kulijibu swali hilo kwa takwimu, na hapakuwa na haja ya kubomoa nyumba ili kurekebisha mlango. Mmoja wa wakosoaji wakali alikuwa Mbelgiji mwenzake, Jean Bricmont, aliyeandika mwaka 1995 kwamba Prigogine amechanganya kutoweza kutabiri na kutokuwepo kwa sababu. Wengine walilalamika kuwa mifano iliyothibitika katika sufuria na chupa ilikuwa ikibebeshwa mizigo ya uchumi na siasa isiyoiweza.

Ukosoaji huo una uzito, na hadi leo wanafizikia wengi hawajakubali mabadiliko aliyoyapendekeza katika sheria za msingi. Lakini sehemu ya kwanza ya kazi yake haitikisiki. Kwamba kitu kilicho mbali na msawazo kinaweza kujipanga chenyewe kwa nguvu ya nishati inayokipitia, ni jambo linalofundishwa vyuoni na kutumika katika utafiti wa kemia, biolojia na hali ya hewa.

Prigogine alifariki Brussels tarehe 28 Mei 2003 akiwa na umri wa miaka 86. Kituo alichokianzisha Austin kilikuja kubeba jina lake. Miezi michache baada ya kifo chake, mwezi Agosti mwaka huo huo, ndipo matokeo yale kuhusu joto la Ziwa Tanganyika yalipochapishwa.

Yeye hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alifundisha kwamba kama kesho haijaandikwa, basi penye njia panda hata kitendo kidogo kina uzito. Mji wa Uvira, kaskazini mwa Baraka katika mwambao huo huo, una kituo cha utafiti wa maji na viumbe vyake, ambako watafiti wa Kongo wanaendelea kulifuatilia ziwa. Kila kipimo cha joto na kila hesabu ya ndagala inayoandikwa huko ni kumbukumbu ya mwaka ambao hautarudi.